Namna ya kumsoma Teresa wa Mtoto Yesu: anza na daftari la mwisho

Ukipewa kitabu cha Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa Mkarmeli wa Lisieux, Ufaransa, usianze ukurasa wa kwanza. Mimi nilianza ukurasa wa kwanza nikiwa na miaka ishirini. Nikakutana na maua, bustani, na mtoto anayetokwa machozi kwa kila jambo, nikakifunga. Kilikaa kabatini chini ya vitambaa miaka kumi na tisa. Nilikitoa tena mwaka ule baba yangu alipoanza kusahau majina yetu, na safari hiyo kilifunguka chenyewe karibu na mwisho, mahali ambapo mtawa kijana anamwongoza mtawa mzee kwenda kula chakula cha jioni. Nilisoma nimesimama, mkasi bado mkononi. Tangu siku hiyo nimekisoma mara nyingi, na wenzangu kadhaa nimekisoma nao. Njia ninayoieleza hapa ndiyo niliyoiona ikiwafaa watu, hasa wale waliowahi kukianza wakashindwa: kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Fumua mshono kwanza

Mama yake Teresa, Zélie Martin, alikuwa fundi wa lesi ya Alençon, mji wa Normandy, Ufaransa. Lesi ile hutengenezwa kwa sindano, kipande kwa kipande, kila kipande na fundi wake, kisha vipande vinaunganishwa. Kazi yake hasa ilikuwa hiyo ya kuunganisha: kuchukua vipande vya mikono tofauti na kuvishona mpaka mshono usionekane. Mimi ni mshonaji, najua kazi ya namna hiyo inavyotaka macho na subira.

Nalitaja hilo kwa sababu binti yake Pauline, ambaye monasterini aliitwa Mama Agnes wa Yesu, aliyafanyia maandishi ya mdogo wake jambo hilohilo. Teresa alifariki tarehe 30 Septemba 1897, ana miaka 24. Mwaka mmoja kamili baadaye, 30 Septemba 1898, kikatoka kitabu Histoire d'une âme, yaani Historia ya Roho, nakala 2,000. Pauline alikuwa amesahihisha, amepunguza, amepanga sura, na kila kitu kikasomeka kana kwamba kiliandikwa kwa mtu mmoja tu, Mama Marie de Gonzague, aliyekuwa mkuu wa monasteri wakati huo. Watu walikisoma hivyo zaidi ya nusu karne, mpaka mwaka 1956 maandishi yalipochapishwa kama yalivyotoka mkononi mwa Teresa mwenyewe.

Simlaumu Pauline. Alimlea Teresa baada ya mama yao kufa, na bila yeye tusingekuwa na neno hata moja. Ila msomaji anayetaka kumsikia Teresa lazima aufumue ule mshono, maana Teresa hakuandika kitabu. Aliwaandikia watu watatu, kwa nyakati tatu, na kila mmoja alimwandikia kwa sauti yake.

Daftari la kwanza, ambalo wataalamu huliita A, alilianza Januari 1895. Jioni moja ya baridi alikuwa akiwasimulia dada zake mambo ya utoto wao, na dada mkubwa, Marie, akamshauri Pauline, aliyekuwa mkuu wakati huo, amwamuru ayaandike. Aliyaandika kwa muda wa mwaka mzima, katika nafasi chache alizopata. Maandishi ya pili, B, ni kurasa chache tu za Septemba 1896, alizomwandikia Marie. La tatu, C, ni la Juni na mwanzo wa Julai 1897, kwa Mama Marie de Gonzague, Teresa akiwa tayari anakufa kwa kifua kikuu.

Chukua nyuzi tatu za rangi tofauti uziweke kitabuni. Mimi natumia nyekundu, bluu na nyeupe. A inaanza kwa kumwita Pauline mama yake mara mbili. B inaanza kwa kumjibu dada aliyeomba ukumbusho wa mafungo. C inaanza kwa kumwambia Mama Mkuu kwamba, kama alivyotaka, ataendelea kuziimba huruma za Bwana. Katika matoleo mengi ya siku hizi A ni sura nane za kwanza, B ni sura ya tisa, C ni ya kumi na ya kumi na moja. Kama nakala yako haitaji popote kwamba maandishi ni matatu, basi huenda ni ya ule mpango wa zamani. Isome tu. Ndiyo iliyosomwa dunia nzima kabla Papa Pius XI hajamtangaza mtakatifu tarehe 17 Mei 1925. Lakini ukipata nyingine yenye maandishi asilia, hamia huko.

Picha nazo ni hivyohivyo. Dada yake Céline aliingia monasterini Septemba 1894 na kamera yake, ndiyo maana tunazo picha nyingi za mtawa wa ndani wa karne ya 19, jambo adimu sana. Lakini zile zilizoenea mwanzoni zilikuwa zimelainishwa kwa brashi. Tafuta picha zenyewe: utaona kidevu kipana na macho ya mtu asiyeyumba. Weka moja karibu unaposoma. Inasaidia kuliko unavyodhani.

Kaa na daftari C

Fungua pale penye uzi mweupe. Soma kurasa mbili au tatu kwa siku, si zaidi.

Jua anaandika wapi. Amewekwa bustanini, kwenye kiti cha magurudumu alichotumia baba yake alipokuwa mgonjwa. Masista wanakwenda kukata majani, wanapita, kila mmoja anasimama kumsemesha kwa upendo, na yeye anamwambia Mama Mkuu kwamba hapati hata mistari kumi bila kukatizwa. Ukikutana na sentensi iliyoishia njiani au wazo lililorukia jingine, kumbuka hao wanaopita. Aliwakaribisha wote, kisha akaandika juu ya upendo akiwa anakatizwa hivyo.

Utafika kwenye usiku wa Alhamisi Kuu kuamkia Ijumaa Kuu, mwaka 1896. Alikuwa amekesha kanisani, amerudi chumbani, amezima taa, na alipoweka kichwa kwenye mto akahisi kitu kinapanda mpaka midomoni. Hakuwasha taa tena ili atazame. Alingoja alfajiri, akasogea dirishani na leso yake, akaona damu. Akafurahi, maana aliona Bwana anamwita siku ya kumbukumbu ya mateso yake. Wengi husimama hapo wakisema, basi huyu si mtu wa kawaida, mimi na yeye hatuna tunachoshirikiana. Usisimame. Geuza ukurasa.

Siku chache tu baadaye, katika kipindi kilekile cha Pasaka, furaha yote ya kuiwaza mbingu ilimtoka. Anaeleza nchi ya ukungu. Anaeleza ukuta unaopanda mpaka juu na kufunika nyota. Anaeleza sauti za gizani zinazomdhihaki: endelea tu, furahia kifo, hakitakupa unachotumaini bali usiku mzito zaidi, usiku wa utupu. Hali hiyo ilidumu mpaka alipokufa, karibu mwaka mmoja na nusu. Na katika giza hilo anasema amekubali kukaa meza moja na wasioamini, ale mkate wao wa uchungu, awaombee akiwa upande wao wa meza. Anakiri kwamba katika mwaka mmoja ametenda matendo ya imani mengi kuliko maisha yake yote ya nyuma. Alikuwa ameiandika Kanuni ya Imani kwa damu yake mwenyewe, akaibeba kifuani.

Kaa hapo siku kadhaa. Usikimbilie kutafuta faraja katika ukurasa unaofuata. Kama wewe mwenyewe umewahi kusali ukahisi unasema na dari, soma kurasa hizo kwa sauti ya chini ukiwa peke yako. Mwenzangu mmoja alipofika hapo aliniambia miaka yote alikuwa anaficha hali hiyo hata kwa padre wake, akidhani ni dhambi.

Hii ndiyo sababu kubwa ya kuanza na C. Ukishamwona gizani, hutayadharau maua yake. Utajua kwamba mwenye kuyasema ana mifupa.

Sista Saint-Pierre na saa ya mchanga

Sasa tafuta kisa kile kilichonisimamisha mimi. Kipo katika C, baada ya maneno mengi juu ya upendo wa jirani.

Sista Saint-Pierre alikuwa mzee, mgonjwa, na mgumu kumridhisha. Teresa, akiwa bado novisi, yaani mtawa aliye katika malezi, alijitolea kumpeleka chumba cha kulia kila jioni. Dakika kumi kabla ya saa kumi na mbili, katikati ya sala ya kimya, yule mzee aliitikisa saa yake ya mchanga, maana yake: twende. Teresa anakiri kwamba ilimgharimu kuinuka. Kisha kazi ilikuwa na taratibu zake. Benchi liondolewe na kubebwa namna fulani, na haraka hairuhusiwi. Umshike mzee kwa nyuma, kwenye mkanda, umfuate polepole. Akijikwaa kidogo, analalamika kwamba hashikwi vizuri na ataanguka. Ukitembea taratibu zaidi, anasema hausikii mkono wako, umemwachia, na kwamba alijua tangu mwanzo wewe ni mdogo mno kwa kazi hii. Mkifika, umkalishe, umkunje mikono ya vazi lake, nayo kwa namna yake. Hapo ndipo ruhusa ya kuondoka.

Lakini Teresa aliona kitu kimoja ambacho hakuombwa: mikono iliyopinda kwa ugonjwa ilikuwa ikihangaika na mkate. Akawa haondoki mpaka amemkatia. Na kabla ya kuondoka alimpa tabasamu lake zuri kuliko yote. Hicho ndicho kilichomshinda yule mzee.

Jioni moja ya baridi, wakiwa wanajikokota gizani, Teresa akasikia muziki kwa mbali. Akawaza ukumbi wenye taa na dhahabu, wasichana waliovaa vizuri wakisifiana. Kisha akamtazama mgonjwa anayelalamika mkononi mwake na matofali yasiyo na urembo. Anasema asingebadilisha zile dakika kumi kwa miaka elfu ya sherehe za dunia.

Nilikuwa nikimshika baba yangu kwa mkanda vilevile. Kwa nyuma, kidole gumba ndani ya mkanda, mkono mwingine chini ya kiwiko. Hakuna aliyenifundisha, ndivyo mtu anayeyumba anavyoshikwa. Na baba yangu naye alikuwa akisema namwachia. Niliposoma kwamba mkanda huohuo ulishikwa na mtakatifu ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwalimu wa Kanisa tarehe 19 Oktoba 1997, nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba mafundisho yake hayakutungwa mezani.

Basi unavyokifanyia kazi kisa hiki ni hivi. Usitafute tendo la upendo la kubuni. Angalia siku yako, tafuta mahali ambapo saa ya mchanga inatikiswa: nani anakuita wakati usioutaka, kwa kazi yenye taratibu zinazochosha? Fanya kazi hiyo kama alivyotaka yeye, si kama unavyoona wewe ni bora. Kisha tafuta kile kitu kimoja ambacho hakukiomba. Mkate. Usimwambie mtu. Jaribu juma moja kabla ya kuendelea kusoma.

Karibu na kisa hicho vipo vingine vifupi. Yuko sista aliyekuwa akitoa mlio fulani wakati wa sala, na Teresa akiwa amekaa mbele yake anatokwa jasho kwa kujizuia asigeuke kumtazama. Mwishowe akaamua kuusikiliza ule mlio kama muziki na kumtolea Yesu. Yuko aliyemrushia maji machafu usoni wakifua leso. Na yuko yule ambaye tabia zake zote zilimkera. Teresa akamwombea kila alipokutana naye, akamtendea mema, mpaka siku moja yule sista akamuuliza kwa furaha ni nini ndani yake kinachomvuta hivyo.

Hapa naweka neno langu, na ninalisema kwa uzito. Mambo hayo ni makero ya watu wanaoishi pamoja: sauti, tabia, maji ya kufulia. Usiyachukue kumwambia mtu anayepigwa au kudhulumiwa kwamba atabasamu na kunyamaza. Nimesikia yakitumiwa hivyo, na ni kumsingizia Teresa.

Neno "mdogo" na Biblia mezani

Kuna jambo la lugha linalowapotosha wasomaji wa Kiswahili. Teresa anatumia neno la Kifaransa lenye maana ya "dogo" karibu kila ukurasa: ua dogo, roho ndogo, njia ndogo. Katika Kifaransa neno hilo lina mapenzi ndani yake, kama mzazi anavyomwita mwanawe. Kwetu sisi kukipunguza kitu mara nyingi ni kukidharau: kijitu, kijumba, kijibwa. Ndiyo maana kwa masikio yetu anaweza kusikika kama mtu anayejidharau au anayejilegeza. Kila ukikutana na "mdogo", sikia ndani yake "mwanangu". Mdogo kwa Teresa ni mtu anayejua amebebwa.

Hilo utaliona katika kisa cha lifti, nacho kimo katika C. Anasema ameona siku hizi matajiri hawapandi ngazi, wana lifti. Naye akatafuta lifti ya kumfikisha kwa Mungu kwa sababu ngazi ya ukamilifu ni ngumu kwa mtu mdogo kama yeye. Akaipata katika Maandiko. Hakuwa na Biblia nzima mikononi. Alikuwa na daftari ambamo Céline alinakili vifungu vya Agano la Kale. Mistari aliyoipata ni Methali 9:4 na Isaya 66:12-13. Lifti, akasema, ni mikono ya Yesu. Na kwa hiyo hahitaji kukua, bali abaki mdogo na azidi kuwa mdogo.

Fungua Biblia yako uisome mistari hiyo, lakini nikuonye: kwenye Methali 9:4 utakuta "mjinga". Tafsiri ya Kifaransa aliyoisoma Teresa ilisema "mdogo kabisa". Usidhani umekosea ukurasa. Isaya haina tatizo. Pale Mungu anafariji kama mama na kubembeleza mtoto magotini, na ukisoma polepole utaona lifti yote imo humo.

Kurasa za Septemba

Ukimaliza C, nenda kwenye uzi wa bluu. B ni fupi, inasomeka kwa kikao kimoja, na ndiyo yenye moto kuliko zote. Kabla ya kuisoma, soma Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12 na ya 13, kwa sababu ndizo alizokuwa amefungua mwenyewe. Anataka kuwa kila kitu: askari, padre, mtume, mwalimu, shahidi. Wito mmoja haumtoshi. Sura ya 12 inamwambia viungo ni tofauti na jicho haliwezi kuwa mkono, anaendelea kusoma, hafungi kitabu, na katika sura ya 13 anapata: "Katika moyo wa Kanisa, Mama yangu, mimi nitakuwa upendo."

Watu huishia hapo, wanaiandika kwenye kadi. Wewe usiishie hapo. Marie, aliyeandikiwa kurasa hizo, alizisoma akahuzunika: yeye hakuwa na tamaa kubwa kama hizo, basi hampendi Mungu? Teresa alimjibu kwa barua ya tarehe 17 Septemba 1896, nayo katika mkusanyo wa barua zake ni namba 197. Anamwambia tamaa zake za kufa shahidi si kitu, tena zinaweza hata kuwa utajiri wa kumharibu mtu; kinachompendeza Mungu "ni kuniona naupenda udogo wangu na umaskini wangu, na tumaini langu la kipofu katika huruma yake." Kisha linakuja neno hili: ni tumaini, na si kingine ila tumaini, linalopaswa kutufikisha kwenye Upendo. Papa Fransisko alilichukua neno hilo kuwa kichwa cha waraka wake juu ya Teresa, wa tarehe 15 Oktoba 2023. Kama ningeruhusiwa kumpa mtu ukurasa mmoja tu wa Teresa, ningempa barua hiyo. B bila barua 197 inaweza kumwacha mtu akijiona baridi.

Halafu ndipo utoto

Sasa uko tayari kwa uzi mwekundu, yale maua niliyoyafungia kabatini. Utayasoma tofauti. Mtoto anayelia ni mtoto aliyefiwa na mama Agosti 1877, ana miaka minne, akamchagua Pauline kuwa mama wa pili, na Oktoba 1882 Pauline naye akaondoka kwenda Karmeli, yaani monasteri ya Wakarmeli. Alipata habari hiyo kwa kusikia tu watu wakizungumza. Mwaka uliofuata aliugua ugonjwa usioeleweka mpaka siku ya Pentekoste, 13 Mei 1883, alipoona sanamu ya Bikira Maria ikimtabasamia.

Usiku wa Noeli 1886 ndio kiini cha A, soma mara mbili. Wametoka Misa ya usiku wa manane, baba amechoka, anaviona viatu vya zawadi vya binti aliyekaribia miaka kumi na minne, anasema afadhali huu ni mwaka wa mwisho. Teresa anamsikia akiwa kwenye ngazi. Céline anamwomba asishuke, atalia. Anashuka, amebana machozi, anafungua zawadi kwa furaha, na baba anacheka. Ni hivyo tu. Yeye anasema usiku huo Yesu alifanya kwa dakika moja kazi aliyoshindwa yeye kwa miaka kumi. Miezi michache baadaye tayari anamwombea muuaji, Pranzini, aliyekataa kutubu mpaka mwisho; na Septemba 1887 gazeti likaeleza kwamba kabla ya kukatwa kichwa aliubusu msalaba mara tatu.

Safari ya Roma ni ndefu, unaweza kuipita haraka, ila simama tarehe 20 Novemba 1887, anapompigia magoti Papa Leo XIII kuomba aingie Karmeli akiwa na miaka kumi na mitano, na walinzi wanamwinua kwa nguvu. Aliingia 9 Aprili 1888.

Baada ya hapo soma kwa makini juu ya baba yao. Louis Martin alipoteza akili kwa ugonjwa wa ubongo, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Caen mwaka 1889, akakaa miaka mitatu, na mjini watu walinong'ona kwamba binti zake ndio waliomfikisha hapo kwa kwenda utawani. Teresa anayasema hayo kwa maneno machache sana, na miaka ile ya uchungu anaihesabu kuwa ya thamani kubwa. Uchache huo wa maneno usikupite. Mimi, ambaye niliulizwa na ndugu nilimfanya nini baba mpaka akawa hivi, nilikaa na ukurasa huo siku nyingi. Louis na Zélie walitangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Mzee aliyefungiwa Caen anaombwa altareni.

Na kwa wanaosinzia wakisali: A ina ukurasa wenu. Anasema angepaswa kusikitika kwa kusinzia katika sala kwa miaka saba, lakini wazazi huwapenda watoto wao wakiwa wamelala sawa na wakiwa macho. Katika C anakiri pia kwamba rozari ya peke yake ilimshinda, na akili ikikauka husali Baba Yetu na Salamu Maria mara moja, polepole sana. Nimefanya hivyo miaka mingi sasa.

Kuhusu yaliyobaki

Mashairi, 54, yaache mpaka mwisho. Yalitungwa kwa tuni za nyimbo za wakati ule, na tafsiri huyavua nguo nyingi. Maneno ya kitandani katika miezi ya mwisho yaliandikwa na wengine, hasa Pauline, wakimsikiliza. Yasome kwa heshima, ukijua hayakutoka kalamuni mwake. Na nukuu zinazosambazwa kwenye simu bila kutaja daftari wala namba ya barua, usizitumie kufundishia.

Barua, 266, ndizo za kusoma maisha yote, moja moja. Anza na zile alizomwandikia Maurice Bellière, mseminari aliyeomba sista wa kumwombea. Alikuwa kijana mwenye hofu na makosa yake ya nyuma, na Teresa anamfariji kuliko anavyomfariji mtu mwingine yeyote. Bellière alipanda meli kwenda Afrika tarehe 29 Septemba 1897, siku moja kabla Teresa hajafa. Alijiunga na Wamisionari wa Afrika, na mwaka 1902 akatumwa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Yule aliyetamani kuwa mmisionari bila kutoka nje ya ukuta wa Lisieux aliwekwa mwaka 1927 kuwa msimamizi wa misioni pamoja na Fransisko Ksaveri.

Ukishamaliza yote, rudi kwenye uzi mweupe, ukurasa wa mwisho kabisa wa C. Hapo mkono ulikuwa umechoka kiasi kwamba wino ulimshinda, akaandika kwa penseli. Sentensi haikupata mwendelezo. Anasema anapanda kwa Mungu kwa tumaini na upendo, na baada ya neno "upendo" hakuna kitu tena kwenye karatasi.